Barua kwa mwanangu: Karatasi ya kura mbili

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua uvimbe na tayari ameshaanza kutoka jioni kwenda barazani kubishana na wenziwe. Kaka yako yuko Wete tangu Jumapili, amekwenda kutazama mikarafuu ya marehemu babu yenu. Pesa uliyoleta imefika: nusu imekwenda kwenye bati la jiko, nusu nimeiweka, na baba yako hajaambiwa.

Suala lako nimelichelewesha kwa makusudi, maana halijibiki kwa sauti ya WhatsApp. Ile karatasi ya mfano uliyonipigia picha, ya uchaguzi wa Bunge la Ujerumani wa Februari 2025, nimeivuta kwenye simu mpaka herufi zikawa ukungu. Safu ya kushoto nyeusi, ya kulia buluu. Kushoto unamchagua mtu wa jimbo lako, kulia unachagua chama. Ukaniuliza kwa nini mtu mmoja apewe kura mbili, na kwa nini sisi hatuna utaratibu huo. Halafu, kwa mdomo wako ule ule ninaoujua, ukaongeza kwamba kwetu hata hiyo moja haijulikani inakwenda wapi.

Hilo la mwisho liache kwanza. Kila nikianza kuzungumza uchaguzi na watu humu mtaani, mazungumzo hukimbilia kwenye wizi: nani kajaza masanduku, nani kafukuza mawakala, nani kakatwa kwenye daftari. Ya karibuni unayajua, sitayaandika humu. Hasira za watu zina haki yake. Lakini zinatufunika tusione jambo jingine ambalo mimi, mwalimu wa hesabu, linanikera zaidi. Hata kituo kikisimamiwa na malaika, hata kila karatasi ikihesabiwa sawasawa, namna yetu ya kugeuza kura kuwa viti inaweza kumkabidhi serikali yule ambaye watu wachache zaidi walimtaka. Si jambo la kubuni. Lilishatokea hapa hapa Unguja na Pemba.

Unakumbuka nilivyokuwa nikiitwa kusimamia kituo, kwenye skuli ile ile niliyosomesha. Kituo kikishafungwa tunasogeza madawati, tunamwaga sanduku juu ya meza, na mimi nanyanyua karatasi moja moja kuwaonyesha mawakala uso wake. Mwaka mmoja ilitoka karatasi yenye alama ya vema iliyoanza ndani ya chumba cha mgombea mmoja, mkia wake ukavuka mstari ukaingia kwa mwengine. Wakala wa huku akasema imeharibika, wa kule akasema nia ya mpiga kura inaonekana. Tulibishana juu ya ule mkia mpaka chai ikapoa, taa ya chemli ikapunguzwa utambi, tukabishana tena. Mwisho ikahesabiwa. Niliipenda bidii ile, watu wazima kukesha kwa ajili ya karatasi ya mtu mmoja wasiyemjua. Kisha fomu ikajazwa, ikabandikwa mlangoni, matokeo ya jimbo zima yakajumlishwa, mmoja akatangazwa. Kura za yule aliyemfuatia, maelfu, na pengo lenyewe dogo, zikafungwa kwenye mifuko na lakiri. Tulizihesabu kwa uangalifu wote huo, na hazikununua hata robo ya kiti.

Hapo ndipo penye tatizo, Salma. Kwa utaratibu wetu, jimbo lina mshindi mmoja, na mshindi ni aliyeongoza tu, hata akiongoza kwa kura moja, hata wote wengine wakijumlishwa wanamzidi. Kura za walioshindwa hazina kazi, na za mshindi zilizozidi mahitaji nazo hazina kazi. Uchaguzi mzima ukiujenga juu ya majimbo kama hayo, matokeo hayategemei tena ni wangapi wanakutaka, yanategemea wamekaa wapi.

Sasa nikupeleke wakati wa siasa, kama wazee wanavyouita. Januari 1961 paligombewa viti 22. Vyama vilikuwa vitatu: Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu, yaani ZNP, 9, na ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda kwa Hizbu na mmoja kwa Afro, ikawa 11 kwa 11, serikali ikashindikana. Kimoja katika vile viti 10 vya Afro, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Marehemu babu yako alikuwa akicheka kwamba amekutana maishani na watu tele ambao kila mmoja wao ndiye aliyekuwa kura ile.

Wakarudia Juni mwaka ule ule, kikaongezwa kiti cha 23, huko Pemba. Afro 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Karibu nusu kamili ya wapiga kura walikuwa wamewapigia Afro, na Hizbu walikuwa na kama asilimia 35, lakini Hizbu na ZPPP wakaungana wakaunda serikali. Siku ya kupiga kura, tarehe 1 Juni, fujo zilianzia mjini zikasambaa mashamba. Watu 68 walikufa.

Halafu ukaja wa Julai 1963, wa mwisho kabla ya uhuru. Hapa chukua kalamu, kwa sababu hesabu hii nimewahi kuwaandikia wanafunzi ubaoni pasi na majina ya vyama, nikawaambia ni uchaguzi wa viranja. Viti 31. Chama A kimepata asilimia 54 ya kura. Chama B karibu asilimia 30. Chama C karibu 16. Gawanyeni viti. Watoto wa darasa la saba wakazidisha, wakakadiria kwa ukaribu, wakaniletea 17, 9 na 5. Jawabu sahihi kabisa, na jumla ni 31. Nikawaandikia matokeo yenyewe: 13, 12 na 6. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, umekosea kunakili."

Sikukosea. Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura za nchi na viti 13. Hizbu na ZPPP pamoja hawakufika asilimia 46, wakapata viti 18, na Mohammed Shamte wa ZPPP akaendelea kuwa Waziri Mkuu. Hakuna aliyehitaji kuiba. Afro walikuwa wakishinda Ng'ambo na mashamba ya Unguja kwa maelfu juu ya maelfu, kura zinarundikana pasipo na kazi, na Pemba wanashindwa jimbo baada ya jimbo kwa tofauti ndogo. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, mikononi mwa serikali iliyokuwa halali kwa sheria na iliyokataliwa na zaidi ya nusu ya waliopiga kura. Tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, serikali hiyo haikuwepo tena.

Usinielewe vibaya, na usimsomee mtu barua hii nusu nusu. Sisemi Mapinduzi yaliletwa na hesabu ya viti. Palikuwa na ardhi, palikuwa na rangi na kabila, palikuwa na Mwingereza aliyechochea na kuondoka. Na yaliyowapata watu baada ya usiku ule, wengine damu yetu, hayahalalishwi na asilimia yoyote. Ninachosema ni kwamba nchi iliyogawanyika hivyo, ikapewa kipimo kinachoweza kusema walio wengi ni wachache, imepewa mzigo usiobebeka. Kila upande uliona umedhulumiwa na kila upande ulikuwa na karatasi ya kuthibitisha: mmoja ana jumla ya kura, mwengine ana jumla ya viti.

Waliotuachia kipimo hicho nao bado kinawatesa. Julai 2024 huko Uingereza, Labour walichukua viti 411 kati ya 650 kwa kura zisizofika asilimia 34. Reform UK wakapata asilimia 14 ya kura na viti 5. Liberal Democrats, asilimia 12, viti 72. Yaani aliyepigiwa kura zaidi kati ya hao wawili wa mwisho kapata viti vichache mara kumi na zaidi, kwa sababu tu kura zake zimetawanyika nchi nzima kama mchele uliomwagika, na za mwenziwe zimerundikana pale zinapohitajika. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao wana nguzo nyingine za kuzuia nyumba isianguke.

Sasa nikujibu kwa nini sisi hatuna karatasi ya kura mbili. Najua rafiki zako wanasema watu wetu hawajazoea, itawachanganya, mambo ya uwiano ni ya Wazungu. Waambie tunayo miaka yote hii. Tunaiita viti maalum.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura zote za ubunge kitagawiwa viti maalum vya wanawake kwa kadiri ya kura zake. Angalia vizuri maana yake. Ile karatasi yako moja ya ubunge inafanya kazi mara mbili. Kwanza inahesabiwa jimboni kumtafuta mbunge. Halafu inajumlishwa taifa zima kupima kila chama kina uzito gani. Mpiga kura wa Kizimkazi ambaye mgombea wake kaanguka vibaya, kura yake hiyo imekwenda kusaidia mwanamke fulani wa chama chake aingie Bungeni. Hata asilimia 5 ni ile ile ya Wajerumani wako. Wengi wetu tumepiga kura hii ya pili maisha yetu yote bila kuambiwa kwamba tunaipiga, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Tazama 2015. CHADEMA walipata kiasi cha asilimia 32 ya kura za ubunge nchi nzima, lakini majimbo hawakufikisha 40 kati ya 264. CUF hawakufika asilimia 9, wakapata majimbo zaidi ya 30, kwa sababu kura zao zimekusanyika huku kwetu na majimbo yetu ni madogo: Zanzibar ilikuwa na majimbo 50 kati ya hayo 264, na unajua mwenyewe tulivyo wangapi. Haya, nenda kwenye viti maalum vya uchaguzi ule ule: CCM 66, CHADEMA 37, CUF 10. Jumla 113, kila mmoja kwa kadiri ya alivyopigiwa. CHADEMA walipata wabunge wengi zaidi kwa njia ya wanawake kuliko kwa majimbo. Uchaguzi mmoja, kura zile zile, na hesabu mbili zinazotoa picha mbili za nchi. Ukiniuliza ipi inafanana zaidi na Watanzania walivyopiga kura, sina haja ya kufikiri.

Ila viti maalum vina kasoro mbili, na ya kwanza ni ya kihesabu. Vinaongezwa juu, havifidii. Aliyekwisha zoa majimbo karibu yote anapewa fungu lake jingine kamili kama vile majimbo hakuyapata. Ndiyo maana hata ukijumlisha vyote, CHADEMA ya 2015 haikufika robo ya Bunge. Kwa Wajerumani, na hapa ndipo utamu wa safu ile ya buluu, kura ya chama ndiyo inayoamua chama kitakuwa na viti vingapi kwa jumla. Majimbo yanatolewa humo humo ndani ya fungu. Aliyepungukiwa majimboni anajaziwa, aliyejaa hajaziwi.

Kasoro ya pili mwanamke yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati anaijua. Mbunge wa viti maalum anatazamwa kama mgeni aliyekaribishwa. Mfuko wa jimbo hana, kampeni akitaka kwenda jimboni anaambiwa anamkalia mtu kitini, na kama chama kimemchoka, amekwisha. Shangazi yako alitumikia chama chake miaka, na siku ya kupanga orodha jina lake likashuka usiku mmoja, hakuna aliyewahi kumwambia sababu. Njia ya haki ya kuhesabu imefungiwa kwenye chumba cha wanawake, na ikafanywa ionekane kama sadaka. Mimi ningeitoa mle chumbani ikawa ya wote, orodha ikapangwa mwanamke, mwanamme, mwanamke, mwanamme, na ikachapishwa kabla ya siku ya kupiga kura ili nijue ninayempa.

Na wasikuambie hayo yanawezekana Ulaya tu. Lesotho walikuwa na kipimo kama chetu, viti 80 vya majimbo. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata kama asilimia 60 ya kura, kikachukua viti 79. Chama cha pili, BNP, kilipata karibu robo ya kura na kiti kimoja. Waangalizi walisema uchaguzi haukuwa mbaya. Lakini mwambie mtu mwenye robo ya nchi kwamba sehemu yake ni kiti kimoja, uone. Watu walikwenda kukaa nje ya kasri ya mfalme, wanajeshi wakaasi, Septemba majeshi ya Afrika ya Kusini na Botswana yakaingia, na maduka ya Maseru yakachomwa moto. Baada ya hapo wakaketi kitako, vyama vyote, wakabishana muda mrefu, wakatoka na mfumo mseto: majimbo 80 yabaki, viti 40 viongezwe vya kufidia. Uchaguzi wa 2002 LCD walishinda tena, tena karibu majimbo yote. BNP hawakupata jimbo hata moja. Lakini waliingia Bungeni watu 21. Safari hii hakuna aliyechoma duka.

Haukuwa mwisho wa matatizo yao, nisikudanganye. Mwaka 2007 vyama vikubwa viligundua ujanja: vinagombea majimbo kwa jina moja, na kura ya chama vinaielekeza kwa chama kidogo rafiki, ili vionekane havina kitu kwenye fungu na vijaziwe. Ilizua ugomvi wa miaka. Kufikia 2012 wakaziba tundu kwa kurudi kwenye karatasi moja: unamchagua mtu wa jimbo, na kura hiyo hiyo inahesabiwa kwa chama chake. Umeona inafanana na nini? Na viti maalum vyetu, hatua ya kwanza kabisa. Sisi hatuhitaji hata kuchapisha karatasi mpya. Tunahitaji kubadilisha mistari michache ya namna ya kugawa.

Baba yako amesoma mpaka hapa juu ya bega langu, na ana maneno. Anasema Lesotho hiyo hiyo serikali za mseto zimevunjika ovyo, wakapiga kura 2012, wakarudia 2015, wakarudia tena 2017. Kweli. Anasema pia kwamba mtu wa orodha hana kwao, na yeye anataka mbunge anayejua mlango wa kwenda kubisha hodi: maiti imekwama hospitali, paa la madrasa limeezuka, kisima kimekauka. Hili nalichukulia kwa uzito kuliko lile la kwanza, na ndiyo sababu siutaki mfumo wa orodha tupu kama wa Afrika ya Kusini ya 1994, ambapo raia hakuwa na jina la mtu kwenye karatasi yake, chama tu. Mfumo mseto unamwachia baba yako mlango wake wa kubisha hodi. Kuhusu serikali kuvunjika, mimi naona bora serikali ivunjike Bungeni kwa kura kuliko ivunjike barabarani.

Hata wewe usiwe mwepesi wa kuabudu vya huko. Umeona mwenyewe Februari ile: chama kimoja kipya kiliambulia asilimia 4.98, kikakosa kura zisizofika elfu kumi kufikia kile kizingiti cha asilimia 5, na zaidi ya watu milioni mbili waliokipigia wakabaki bila mbunge hata mmoja. Na kwa sheria yao mpya ya kulifunga Bunge kwenye viti 630, watu 23 walioongoza majimboni mwao hawakuingia Bungeni, kwa sababu fungu la chama chao lilikuwa limejaa. Hilo kwetu lisingepita. Mtu ameshinda Mkoani au Makunduchi, ametangazwa, watoto wameshaimba barabarani, halafu aambiwe fungu limejaa? Afadhali Bunge liongezeke viti kidogo kuliko kulala na jambo hilo. Kizingiti nacho kingeshuka, asilimia 3 inatosha kuwazuia wachezaji.

Kuhusu urais sitasema sana, maana uwiano hauwezekani kwenye kiti kimoja. Lakini sharti la chini kabisa ni kwamba anayekikalia atakiwe na zaidi ya nusu. Sisi tulikuwa nalo kwenye Katiba ya Muungano mfumo wa vyama vingi ulipoanza, likaondolewa kwa mabadiliko ya mwaka 2000. Sasa anayeongoza ndiye, kwa asilimia yoyote. Wakenya walikwishaona matunda yake: Moi alishinda 1992 kwa kama asilimia 36, upinzani umegawanyika sehemu tatu. Katiba yao ya 2010 inataka zaidi ya nusu ya kura zote, na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Malawi hawakungoja hata katiba mpya. Majaji wao, Februari 2020, walipofuta uchaguzi wa mwaka uliotangulia, walisema neno "wengi" lililomo kwenye katiba maana yake ni zaidi ya nusu, basi. Rais Mutharika alikuwa ametangazwa kwa asilimia 38 na ushei. Juni wakarudia, mpinzani wake Chakwera akapata zaidi ya 58. Kwetu majaji wasingeweza hata kuliangalia suala, kwa sababu ibara ya 41 inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba ililigusa hilo, na la mgombea huru pia. Unajua rasimu iliishia wapi.

Utasema Zanzibar tulishapata dawa yetu, Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mimi nilipiga kura ya ndiyo Julai 2010, pamoja na theluthi mbili ya wenzangu, na sijuti. Baada ya 1995, ambapo Salmin Amour na Maalim Seif walitenganishwa na pengo lisilofika nusu ya asilimia moja na mmoja akachukua vyote, tulichoka. Lakini umoja ule ni wa kugawana vyeo baada ya matokeo. Unategemea mtu akubali, na mwaka 2015 matokeo yenyewe yalipofutwa kabla ya mshindi kutangazwa, tuliona dawa hiyo inafika wapi. Kugawana kunakoanzia kwenye hesabu hakuhitaji ridhaa ya mtu. Kiti kimeshakuwa chako kabla hujaalikwa.

Kwa hiyo ukikutana na wale vijana wenzako wa huko mnaoandika waraka wenu, waambie haya kutoka kwa mama mmoja wa Unguja. Msianze na "tume huru" peke yake, ingawa ni lazima iwepo, kwa sababu tume huru yenye kipimo kibovu itatutangazia kwa uaminifu mkubwa matokeo kama ya 1963. Daini viti maalum vigeuzwe vya kufidia na vya wote. Daini majimbo yakaribiane idadi ya watu, au pale yasipoweza, kama huku kwetu kwa sababu za Muungano, fidia ikae juu kusawazisha. Daini zaidi ya nusu kwa Rais. Na andikeni kwa hesabu, si kwa kelele. Mtu wa chama chochote anaweza kukuzomea ukimwambia ameiba, lakini ukimpa kura na viti vya 2015 akagawanya mwenyewe, atabaki anakuna kichwa. Wa chama tawala vilevile, mwambie ukweli kwamba upepo hugeuka: LCD ya Lesotho iliyopata viti 79 ilifika siku nayo ikawa inaokolewa na orodha.

Jambo moja unitafutie. Wale 23 walioshinda majimbo wakakosa viti, nataka kujua watu wa majimbo yao walifanya nini. Waliandamana? Walikwenda mahakamani? Wananchi wao sasa wanampelekea nani shida zao? Baba yako ameweka dau la kilo ya pweza kwamba hawakufanya lolote, Wazungu ni watu wa kukubali tu. Mimi nimesema haiwezekani. Niulizie vizuri, usimsikilize mwenye nyumba wako tu, maana ulisema yeye hakupiga kura.

Kaka yako akirudi kutoka Wete atakuwa na karafuu kidogo na asali. Mtu wa kuja huko akipatikana nitakutumia. Koti lile la zamani usilivae tena wakati wa baridi, nunua jingine, ile nusu ya pesa ipo.

Wako mama